Nani Alikwambia Uvue Kofia?

Saa kumi na mbili jioni Busia ni saa ya fujo. Bodaboda zimejazana kama nyuki, mama wa omena anatangaza bei ya mwisho, malori yanasonga mdogo mdogo kuelekea Uganda, na wale wasee wa kubadilisha pesa wanahesabu shilingi za nchi mbili kwa mkono mmoja. Halafu ukiwa karibu na ofisi ya serikali, unasikia filimbi. Priiii! Kila mtu anaganda. Mwenye baiskeli anashuka. Mwenye simu ananyamaza katikati ya neno. Bendera inashuka polepole, inakunjwa, filimbi ya pili inalia, na dunia inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Siku hiyo nilikuwa na muziki masikioni na kofia kichwani. Filimbi sikusikia, lakini niliona watu wamesimama, nami nikasimama. Kofia sikuvua. Kusema ukweli, haikunijia akilini. Askari mmoja aliyekuwa kando akanijia, akaipiga kofi, ikaruka mpaka kwenye tope.

"Heshimu bendera!"

Halafu, na hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike, yeye mwenyewe alikuwa kichwa wazi. Kofia yake ya kazi alikuwa ameibana kwapani, nadhani sababu ya joto. Akageuka, akaitazama bendera, akapiga saluti safi kabisa.

Kando yangu kuna mzee anayeuza vocha na kuchaji simu za watu. Alikuwa jeshini miaka mingi kabla ya kustaafu. Bendera iliposhuka akaanza kucheka peke yake.

"Kijana wangu, wewe umekosea moja. Yeye amekosea mbili."

"Mbili gani, mzee?"

"Ya kwanza nitakwambia. Kichwa kisicho na kofia hakipigi saluti. Unasimama mguu sawa, mikono kando, unatazama mbele, basi. Ya pili utaitafuta mwenyewe, si nyinyi mna intaneti?"

Nikaokota kofia yangu nikaenda nyumbani na hasira. Lakini usiku huo nikaanza kuchimba. Na wasee, hii stori ya kofia ni ndefu kuliko nilivyodhani, na imepita hapa kwetu.

Saluti ni kofia iliyochoka

Tuanze mbali kidogo. Mtaani utaambiwa saluti ilianza na wapiganaji wa zamani wa Ulaya waliovaa chuma usoni, ati walikuwa wanafunua uso kwa mkono ili mwenzao awatambue. Ni stori tamu, inafaa sinema. Lakini ukiangalia kilichoandikwa na majeshi yenyewe, njia inakupeleka kwenye kitu cha kawaida zaidi: kofia.

Ulaya ya wakati huo mwanamume akikutana na mkubwa wake alivua kofia. Askari naye alivua. Shida ikaja kofia za jeshi zilipoanza kuwa kubwa, na mapambo ya kamba pembeni. Unavua mara hamsini kwa siku, mkono una jasho na vumbi, kofia inaharibika. Mwaka wa 1745 kikosi cha Coldstream Guards cha Uingereza kilitoa amri kwamba askari wasivue tena kofia wakipita mbele ya afisa. Waigonge tu kwa mkono na kuinama kidogo. Mwaka wa 1762 kikosi cha Royal Scots kikatoa amri kama hiyo, na sababu wakaisema wazi: kuvua kofia kila saa kunaichafua na kuiharibu.

Kwa hivyo saluti ni kuvua kofia kwa njia ya mkato. Mkono unaenda kichwani kana kwamba unataka kuivua, halafu unaiacha palepale. Ndiyo maana katika majeshi yaliyofuata mila ya Waingereza, la Kenya likiwemo, huna kofia, huna saluti. Utavua nini na huna kitu kichwani? Marekani wana mambo yao. Kwao askari wa nchi kavu anaweza kupiga saluti ndani ya ofisi bila kofia akienda kuripoti kwa afisa, lakini wanamaji wao wanashikilia ile ya zamani: kichwa wazi, hakuna saluti.

Hapo ukaelewa pia kwa nini mimi raia natakiwa kuvua. Askari alipewa ile njia ya mkato. Raia mwanamume akabaki na ile njia ndefu.

Kuna jambo lingine nataka ulikumbuke, kwa sababu nitalirudia. Saluti ya jeshi haiendi kwa mtu, inaenda kwa cheo. Unaweza kuwa humpendi huyo luteni hata kidogo, lakini unayempigia ni ile mamlaka aliyopewa na nchi. Na saluti ina majibu. Mdogo anaanza, mkubwa anarudisha. Mkubwa asiporudisha, yeye ndiye amekosa adabu.

Afande ni nani?

Sasa turudi nyumbani. Kofia za kwanza za jeshi la wakoloni kuonekana sana pande zetu za magharibi hazikuwa za Kizungu. Zilikuwa tarbushi, ile kofia ndefu kama kikombe kilichogeuzwa.

Zilitoka wapi? Fuata mto Nile. Miaka ya 1820 Sultani Mahmud II wa Uturuki alivunja jeshi lake la zamani akaunda jipya, akalivalisha tarbushi. Ilikuwa chaguo la akili: haina ukingo mbele, kwa hivyo Muislamu anaweza kusujudu nayo kichwani. Misri ikavaa tarbushi pia, na jeshi la Misri lilipoingia Sudani kofia ikaingia nalo. Baadhi ya askari hao walibaki karibu na Ziwa Albert chini ya Emin Pasha, na yeye alipoondoka wakaachwa. Mwaka wa 1891 Kapteni Lugard akawafuata, akawachukua wakawe jeshi la Waingereza Uganda. Miaka minne baadaye, 1895, Hobley alipopigana na Wabukusu Lumboka na Chetambe, kule karibu na Webuye, miongoni mwa waliokuwa upande wake ni askari hao Wasudani. Uliza Bukusu yeyote aliyekaa na wazee wake kuhusu Chetambe. Kidonda bado kipo.

Askari hawa walikuja na kofia, bunduki na neno moja. Waturuki humwita bwana mwenye heshima "efendi". Misri ikalichukua kwa maafisa wa jeshi, Wasudani wakalileta huku, na midomo yetu ikalilainisha: afande.

Fikiria hiyo kidogo. Kila ukimwambia karao "pole afande", unatumia neno la Istanbul lililopanda Nile mpaka Busia. Na limeshika pande zote mbili za mpaka. Kwetu Kenya raia humwita polisi yeyote afande. Vuka hatua chache uingie Uganda, utasikia likitumika zaidi kwa wakubwa wa jeshi. Wajukuu wa askari wale wa kwanza wapo mpaka leo. Ni Wanubi, walioko Bombo kule Uganda na Kibera hapa Nairobi.

Mwaka mmoja, kofia moja, nchi mbili

Kuna mwaka ambao kila mtu wa Busia na Malaba angepaswa kuujua kama anavyojua PIN ya M-Pesa. Ni 1902.

Tarehe 1 Januari 1902 Waingereza waliunganisha vikosi vyao vya Afrika Mashariki na Nyasaland kuwa jeshi moja, King's African Rifles, ambalo wengi walilijua kama KAR. Batalioni ya tatu ilikuwa ya upande wa Kenya, ya nne ya upande wa Uganda. Miezi mitatu tu baadaye, tarehe 1 Aprili 1902, wakachukua jimbo la mashariki la Uganda, lililofika mpaka kule Naivasha, wakalihamishia upande wa Kenya. Watu hawakuhama. Mstari ndio uliohama. Wateso wakajikuta pande mbili, Wasamia pande mbili, mashamba ya watu huku na makaburi ya babu zao kule.

Kwa hivyo ndugu wawili wangeweza kujikuta mmoja batalioni ya tatu na mwingine ya nne, askari wa nchi mbili, kila mmoja na tarbushi ileile kichwani. Chini ya tarbushi, kaptura ya kaki. Chini ya kaptura, miguu mitupu. Kwa miaka mingi askari wa KAR aligwaride bila viatu, huku afisa Mzungu akiwa na buti na kofia pana ya jua.

Na hapa ile saluti ya majibu inakuwa na kasoro. Afisa alirudisha saluti, ndiyo. Lakini Mwafrika hakupewa kamisheni, yaani hakuwa afisa kamili, mpaka uhuru ulipokuwa unabisha hodi. Sajini mwenye nywele nyeupe, aliyepigana vita kabla luteni wake hajazaliwa, ndiye aliyeanza kuinua mkono. Kila siku. Miaka sitini hivi. Cheo cha juu kabisa alichoweza kupata Mwafrika miaka ya 1950 kiliitwa, nadhani umeshajua, effendi. Mmoja wa waliokipata, mwaka wa 1959, alikuwa Idi Amin wa batalioni ya nne. Tutakutana naye tena.

Kofia yako, pesa yako, lakini vua

Sasa kuna askari, halafu kuna sisi wengine.

Askari wa KAR alibaki na kofia yake kichwani mbele ya Mzungu kwa sababu ilikuwa kofia ya Mfalme. Raia Mwafrika aliyefanya kazi, akaweka akiba, akajinunulia kofia yake dukani, huyo aliambiwa avue. Kule Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, jambo hili lilichoma watu mpaka mifupani. Mchungaji John Chilembwe alipoongoza maasi Januari 1915, tume ya serikali iliyochunguza sababu zake iliandika malalamiko ya ardhi, kodi na kazi za kulazimishwa, na pia jambo la Waafrika kulazimishwa kuvua kofia wakikutana na Mzungu yeyote. Mzungu yeyote. Sio gavana tu. Hata karani wa shamba.

Hapa Kenya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakaja na kipande. Mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kutembea na karatasi ya alama za vidole na rekodi ya kazi, imefungiwa kwenye kikasha cha chuma ambacho wengi walikining'iniza shingoni. Juu ya kichwa umenyang'anywa kofia, chini ya kidevu umefungwa kikasha. Hiyo ndiyo ilikuwa luku ya babu zetu, na hawakuichagua.

Kwa hivyo mtu akiniambia kofia ni kitu kidogo, namwelewa, lakini nakataa. Kofia ilikuwa sehemu rahisi ya kumwonyesha mtu nafasi yake. Haimwagi damu, na inafanyika mbele ya watoto wake.

Kofia ya Burma

Nyanya yangu ana picha moja ya baba yake, imekunjika pembeni na kushambuliwa na mende. Amevaa kofia ya ukingo mpana, upande mmoja umeinuliwa juu. Ile ndiyo kofia waliyovaa askari wa KAR waliopelekwa Asia kupigana na Wajapani katika Vita vya Pili vya Dunia. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye nembo ya kichwa cha kifaru, ilipita bonde la Kabaw kule Burma mwaka wa 1944, katikati ya mvua, matope na malaria, mpaka Kalewa. Mle ndani walikuwamo vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, wakipigana kwa ajili ya Mfalme ambaye hawakuwahi kumwona.

Huyu mzee wetu alirudi kijijini, upande wa Nambale, na kofia yake. Stori inayofuata ni ya familia. Sina karatasi ya kuithibitisha, nina nyanya tu, na nyanya haongopi mambo ya baba yake.

Siku moja afisa mmoja Mzungu wa serikali alikuja kijijini kwa baraza. Alipofika, wanaume wote wakasimama na kuvua kofia. Baba yake nyanya hakuvua. Askari wa chifu akaanza kumsogelea. Mzee wetu, kabla hajafikiwa, akasimama mguu sawa, akamtazama yule Mzungu machoni, akapiga saluti.

Kwa taratibu za jeshi hakupaswa. Alikuwa ameshatoka jeshini, raia kama wengine. Lakini alijua kitu kimoja. Yule Mzungu pia alikuwa ametoka vitani. Na mkono uliofunzwa jeshini haungoji ruhusa. Nyanya anasema ulipanda wenyewe. Ukarudisha saluti, mbele ya kijiji kizima, kwa mwanamume mweusi aliyeacha kofia yake kichwani.

"Baba akaja nyumbani akamwambia mama, leo serikali imenijibu," nyanya ananiambia. Halafu anacheka mpaka machozi.

Nimeisikia hiyo stori tangu nikiwa mtoto, na kila mara nilidhani ni kichekesho tu. Juzi ndio nimeielewa. Mzee hakukataa kutoa heshima. Alichagua aina ile ambayo lazima irudi.

Wakati mkono ulikataa kupanda

Uhuru ulipokuja, bendera zikabadilika haraka kuliko maafisa. Tanganyika 1961, Uganda 1962, Kenya 1963, lakini kambini wakubwa wengi bado walikuwa Waingereza, na mshahara bado ulikuwa wa kusikitisha. Januari 1964 ikapasuka. Tarehe 20 askari wa Tanganyika waliasi. Tarehe 23 ikawa zamu ya Jinja, mji ambao ukipanda matatu Busia Uganda unafika kabla njaa haijakuuma vizuri. Huko askari walimshika Waziri Felix Onama akiwa amekuja kuzungumza nao. Tarehe 24 ikawa Lanet, karibu na Nakuru.

Serikali zote tatu ziliwaita Waingereza walewale waje kuzima maasi. Aibu ilioje. Wanahistoria watakwambia sababu zilikuwa pesa na vyeo, na ni kweli. Ila ukitafsiri hiyo kwa lugha ya gwaride, watu walikuwa wanauliza: tuna bendera yetu, wimbo wetu, sasa mbona ninayempigia saluti asubuhi ni yuleyule wa jana?

Kule Uganda swali hilo lilipata jibu baya. Idi Amin, yule effendi wa 1959, alipewa kamisheni 1961 na akapindua serikali Januari 1971. Mtu aliyepiga saluti kwa vijana wa Kizungu miaka kumi na mitano akaanza kukusanya vyeo na medali kama mtu anayedai deni. Mwaka wa 1975, viongozi wa Afrika walipokutana Kampala, alijibebesha kwenye kiti mabegani mwa wafanyabiashara wa Kiingereza. Picha hiyo watu waliishangilia, na najua kwa nini. Lakini wakati huohuo watu wake mwenyewe walikuwa wanapotea usiku. Februari 1976 akachomoa ramani ya kabla ya 1902 akasema sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda. Hapa mpakani hiyo haikuwa habari ya redio tu, walikuwa wanazungumziwa wao. Kenyatta akakataa, wafanyakazi wa bandari Mombasa wakagoma kushughulikia mizigo ya Uganda, na mwishowe Amin akarudi nyuma.

Somo langu hapo? Aliyenyimwa heshima anaweza kuja kuidai kwa watu wasio na deni lake.

Ukivuka, angalia kichwani

Leo mpaka umekuwa wa kisasa. Kituo cha pamoja cha Busia kilifunguliwa rasmi Februari 2018 na Uhuru Kenyatta na Museveni. Ukienda Uganda unamalizana na maafisa wa nchi zote mbili upande uleule unaoingia. Malaba nako mfumo ni huohuo, ingawa foleni ya malori bado inaweza kukuzeesha. Utamwona afisa wa Kenya na wa Uganda wamekaa jirani, kila mmoja na kofia ya nchi yake.

Lakini kofia bado ni siasa. Bobi Wine na vijana wake walifanya bereti nyekundu kuwa alama yao. Septemba 2019 serikali ya Uganda ikachapisha kwenye gazeti lake rasmi orodha ya mavazi ya jeshi, na bereti nyekundu ikiwemo. Maana yake raia akiivaa anaweza kushtakiwa. Kitu unachokiona hapa sokoni kimetundikwa na mitumba mingine, kwa bei ya soda na chapati, kikivuka ule mstari wa 1902 kinageuka kesi.

Na usijidanganye kwamba Kenya ni sherehe. Sheria ya jeshi letu pia inakataza raia kuvaa sare za kijeshi bila ruhusa. Ile suruali ya jungle unayoiona kali kwa picha inaweza kukulaza ndani. Kwa hivyo kama unavuka kwenda kula rolex au kununua ndizi, mambo ya luku ya kijeshi yaache nyumbani. Hiyo si woga, ni hesabu.

Kosa la pili

Sasa turudi kwa kofia yangu kwenye tope.

Sikatai bendera. Kuna Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, Sura ya 99, inayosema kudharau bendera ni kosa, na mimi sina ugomvi nayo. Kwanza, kizazi changu hakihitaji kufundishwa kuipenda ile bendera kwa kofi. Juni 2024 tuliona vijana wa umri wetu barabarani wamejifunga bendera mabegani na wengine wakiimba wimbo wa taifa mbele ya moshi wa machozi. Unaweza kukubaliana nao au usikubaliane. Lakini usiniambie hawajui bendera ni nini.

Na pia mimi nilikosea. Filimbi ililia, watu wakasimama, kofia ikabaki. Ningepaswa kuvua. Si kwa sababu ya Coldstream Guards wala ya askari yule. Ni kwa sababu wakati ule bodaboda, mama wa omena, karani na mlevi wote wanatazama kitu kimoja kwa sekunde thelathini, na sina mambo mengi yanayotukusanya hivyo.

Nilirudi kwa mzee wa vocha siku mbili baadaye nikamwambia nimepata kosa la pili.

"Lete."

"Alidai heshima na hakurudisha."

Mzee akatikisa kichwa kwa kukubali, akaendelea kukuna kadi ya mtu. "Jeshini," akasema, "mkubwa asiyerudisha saluti tulikuwa tunamwita ukuta. Unampigia kwa sababu ni lazima. Lakini ni ukuta."

Hilo ndilo limekaa na mimi. Miaka hii yote kuanzia 1902, na kabla yake, watu wa mpaka huu wamevaa tarbushi, wamevuliwa kofia, wamefungwa vipande shingoni, wamepigana Burma, wameambiwa wako Uganda halafu wako Kenya halafu karibu warudi Uganda. Heshima wametoa sana. Swali la mzee wetu wa Nambale bado ni lilelile: inarudi?

Afisa anayekuita "wewe" na anataka umwite afande. Ofisi inayotaka usimame ukiingia na haikuangalii usoni. Karao anayekupiga kofi kwa ajili ya bendera ambayo wewe pia ni mwenyewe. Hawa wote wameshika nusu ya saluti na wakaiacha ile nusu nyingine.

Jana jioni nilipita tena pale. Filimbi ilipolia nilizima muziki, nikavua kofia, nikasimama mguu sawa kama mtu aliyesoma. Nimeiosha mara tatu na alama ya tope bado haijatoka. Yule askari alikuwa palepale, safari hii kofia yake iko kichwani inapopaswa kuwa. Akapiga saluti. Nilikubali moyoni, ilikuwa nzuri.

Bendera iliposhuka na filimbi ya pili kulia, akapita mbele yangu.

"Habari ya jioni, afande," nikasema.

Akapita tu. Mzee wa vocha akaanza kucheka tena.

Leo saa kumi na mbili nitakuwa pale tena. Nitamsalimia vilevile.